Swabu ya Likoni: mdudu alikuwepo, mijeledi ndo iligoma

Majibu ya kwanza ya ile swabu, yaani pamba iliyopitishwa ukeni, yalisema seli za usaha nyingi, fangasi hakuna, vimelea hakuna. Ya pili, wiki kadhaa baadaye, karibu ni yaleyale, usaha ndo umezidi. Na mwenyewe, mama wa makamo anayekaa Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, yuwazidi kuumia tu, uchafu wa rangi ya manjano ya kijani, muwasho hadi usingizi hapati, akikojoa yachoma. Dawa ashapewa za kutosha, kwanza za kuingiza za fangasi sababu ya ule muwasho, alafu antibayotiki za vidonge sababu ya ule usaha, zote amemaliza kama alivyoambiwa na zote hazikufanya kitu. Mwishowe mtu wa kliniki akanipigia akaniambia hebu njoo utizame hii faili, manake hapa kuna jambo halikai sawa. Mgonjwa amekubali kisa kielezwe bila jina, na kliniki na maabara nazo nimeziacha bila jina, haya mambo yaweza kutokea popote.

Mimi sikuanza na dawa, nilianza na safari ya ile swabu. Kliniki iko ng'ambo na maikroskopu haina. Swabu yachukuliwa asubuhi, yatiwa ndani ya boksi la barafu pamoja na chupa za damu na za mkojo za wagonjwa wengine, mjumbe angoja boksi lijae ndo safari iwe na faida, apanda boda mpaka kivukoni, apanga foleni ya feri, avuka, alafu atafuta tuktuk mpaka maabara iliyoko mjini. Aliyewahi kuvuka Likoni asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi. Akifika, boksi lawekwa mezani chini ya kiyoyozi hadi zamu ya swabu ifike. Ukisoma saa zilizoandikwa kwa fomu, mara zote mbili swabu imeingia chini ya lenzi masaa matatu na zaidi tangu itoke kwa mgonjwa, na yote hayo imeyakaa kwa baridi.

Hapo sasa watu wengi wangesema basi kijana wa maabara hakutizama vizuri, mimi sikubaliani kabisa. Nimekaa naye nikamwona akifanya kazi, ni mtu mtaratibu, slaidi moja aizungusha kona zote, mwanga aupunguza vizuri ndo vitu visivyo na rangi vionekane. Alichoandika ni kile alichokiona: seli za mviringo, zenye chengachenga ndani, zimetulia. Ukiona hivo unaandika usaha. Shida ni kwamba si zote zilikuwa usaha.

Mdudu tunayemzungumzia ni Trikomonasi, jina lake kamili Trichomonas vaginalis. Si bakteria wala si fangasi, ni kiumbe cha seli moja, na Alfred Donné ndo alimweleza kwanza huko Paris mwaka 1836. Urefu wake ni kadiri maikromita 10 na upana kama 7, yaani ukubwa wake na wa seli nyeupe ya damu ni karibu sawa, na akichoka umbo lake la pea linajikunja linakuwa mviringo, rangi hana, ndani ana chengachenga, sasa wewe utamtofautisha vipi na usaha bila kumpaka rangi? Kwa slaidi ya maji, ile ya haraka ambayo ndo maabara nyingi ndogo wanayo, unamjua kwa kitu kimoja: anatembea. Ana mijeledi 4 mbele, yaani nyuzi ndogo za kuogelea, na wa 5 umerudi nyuma umeshikana na utando unaopepea ubavuni, na vyote vikifanya kazi pamoja unaona kitu kinastuka, kinajipinda, kinarukaruka, kinasukuma seli za jirani zake zinayumba. Ukishamwona mara moja humsahau. Sasa huyo huyo akiacha kupiga mijeledi, yeye na usaha hamna tofauti, na mijeledi yenyewe ni myembamba mno kuiona kwa slaidi ya kawaida ikiwa imetulia.

Kwa hivyo lile neno "vimelea hakuna" kwa karatasi maana yake halisi ni "sikuona kitu kinachotembea". Hayo ni mambo mawili mbalimbali na mgonjwa ameteseka katikati yake.

Sasa kwa nini iligoma, hapa ndo patamu. Ule mjeledi si unywele unaovutwa kutoka shinani. Ni mashine kwa urefu wake wote. Ukiukata ukautizama kwa maikroskopu ya elektroni unakuta jozi 9 za mirija zimezunguka mirija 2 ya katikati, mpango uleule unaoukuta kwa mkia wa mbegu ya mwanamume na kwa nywele ndogo zinazosukuma makohozi kifuani mwako, mwili wako na huyu mdudu mmetumia ramani moja. Kutoka kila jozi kumetokeza mikono midogo ya protini inaitwa dainini, jina alilipa Ian Gibbons mwaka 1965. Mkono unashika jozi ya jirani, unakula ATP, ile nishati ya seli, unavuta, unaachia, unashika tena mbele. Jozi zingekuwa huru zingeteleza tu moja juu ya nyingine na mjeledi ungerefuka, lakini zimefungwa shinani na zimeshikanishwa njiani, kwa hivo kule kuteleza kunageuka kuwa kupinda. Upande mmoja ukivuta mjeledi wapinda huku, upande wa pili ukivuta wapinda kule, na hilo pindo linasafiri kama wimbi kwenye mjeledi.

Na ni lazima liwe wimbi. Kwa ukubwa wa huyu kiumbe, maji si maji tunayoyajua sisi. Feri ya Likoni ikipunguza injini bado yaendelea kusogea hadi igonge gati, sababu uzito wake umeibeba, huyu mdudu hana hiyo, akiacha kupiga amesimama papo hapo, hata nusu ya urefu wake haendi. Mmarekani mmoja, Edward Purcell, mwaka 1977 aliandika hesabu ya bakteria, akakuta injini ikizima anaserereka umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja! Trikomonasi ni mkubwa kuliko bakteria lakini yuko kwa ulimwengu huohuo, mbio za jana hazimsaidii leo, kila hatua inalipiwa hapohapo. Na Purcell akaonyesha jambo la pili, kwamba huko chini ukipeleka kiungo mbele na kukirudisha kwa njia ileile unarudi pale ulipoanza, hata kama ulipeleka haraka na kurudisha polepole haikusaidii. Kwa hivo kupigapiga tu hakutoshi, lazima mwendo wa kurudi usifanane na wa kwenda, na wimbi linalosafiri upande mmoja limetimiza hilo sharti.

Rudisha hayo yote kwa boksi la barafu sasa. Dainini ni kimeng'enya, na kimeng'enya kikipoa kinafanya kazi polepole, hilo kila aliyesoma bayolojia ya sekondari analijua. Lakini kuna la pili ambalo watu hulisahau: maji yenyewe yanakuwa mazito, si mazito kwa mizani, mazito kwa kupita ndani yake. Maji ya nyuzi 4 yanabana zaidi ya mara 2 kuliko ya nyuzi 37. Kwetu sisi hatuhisi, ukiogelea baharini unachohisi ni baridi tu, lakini kwa kiumbe ambaye hana kuserereka, ambaye mwendo wake wote ni kupigana na huko kubana, ni mzigo mkubwa. Kwa hivyo boksi limempiga pande mbili kwa wakati mmoja, injini imelegea na njia imekuwa nzito. Ongeza masaa matatu ya kukaa kwa pamba ya swabu inayokauka. Huyu hana ganda la kujificha kama vimelea wengine wa tumboni, hana hali ya kulala akingoja mambo yawe mazuri, yeye ni huyohuyo wa kuogelea basi, ndo maana hata kuambukizana kwake ni mwili kwa mwili, si vyoo vya kanisani wala vya sokoni kama watu wanavyopenda kusingizia.

Kliniki nayo tusiionee. Nani alimfunza mjumbe kwamba kila sampuli yafaa barafu? Damu kwa baadhi ya vipimo yataka baridi, mkojo wa kuoteshwa ukicheleweshwa wataka baridi, kwa hivo mtu akaona baridi ni usalama. Kwa huyu mdudu ni kinyume.

Basi tukamwomba mama avuke mwenyewe. Alikuja na buibui lake amekunja uso, akamwambia yule kijana, "Mwanangu, mimi nimechoka kuaibika mbele za watu." Kijana akamjibu vizuri, "Mamangu, leo twamaliza inshallah, na hatokushika mwanamume, dada wa pale ndo atakuhudumia." Tulichukua swabu mbili palepale. Moja ikatiwa kwa matone ya salaini, yaani maji ya chumvi, iliyopashwa moto wa mwili, slaidi ikafunikwa kioo, ikaenda chini ya lenzi kabla hata mama hajamaliza kuvaa viatu. Ya pili nikaiweka kwa boksi la barafu makusudi, nikaiacha ikae kadiri safari ya Likoni inavyokaa.

Ile ya kwanza haikuhitaji kutafuta. Lenzi ya 10 tu ulikuwa waona seli zinatikisika huku na huku bila sababu, ukapanda lenzi ya 40 ukamkuta, kisha mwingine, kisha mwingine, mijeledi inafuma mbele ile mbaya. Kijana alikaa kimya kidogo alafu akasema, "Mwalimu, hawa ndo nilikuwa nawaita usaha?" Nikamwambia baadhi yao ndio, na wewe hukuwa na namna ya kujua. Mama naye akaomba kuona. Wengine wangemkatalia, mimi naona ni haki yake, ni vyake. Akainama, akakaa, akasema "Subhanallah, yuwaruka huyu," alafu akauliza swali ambalo wanafunzi wengi hawaulizi: yuwaenda wapi? Ukweli ni kwamba kwa slaidi haendi mahali pa maana, lakini mwilini mjeledi unamfikisha kwenye ukuta wa uke, na akishagusa seli za pale anabadilika, anatandazika kama amiba akajigandisha. Wale unaowaona wakiogelea ni wale hawajashika bado au wamebanduka.

Ile ya barafu ndo ilinifurahisha mimi. Ilipotoka, slaidi ya kwanza ilionyesha vilevile kama fomu za zamani, seli za mviringo zimetulia, usaha mwingi, ungeapa hakuna kitu. Tukaishika slaidi kwa kiganja kidogo ipate joto, tukarudi. Wengi walibaki hivohivo. Lakini pembeni mmoja alianza kustuka, polepole, mjeledi unapiga unaacha, unapiga unaacha, hasogei. Hao wengine sijui useme wamekufa au wamezimia, kwa jicho huwezi kutenganisha, ila kwa mtu wa maabara aliye na slaidi zingine zinangoja pale mezani, jibu lingekuwa lilelile hakuna.

Kuna kijana wa kike alikuwa kwa mafunzo pale, akaniuliza mbona kwa ile slaidi yaonekana vitu vingi vinatikisika, si vyote basi vina mijeledi? Swali zuri manake kosa la upande wa pili lipo, la kuona mdudu pasipo mdudu. Tone moja la namna hiyo lina sarakasi nyingi. Kuna laktobasili, vile vijiti vya kawaida vya uke, havina mijeledi lakini vyatetemeka, hiyo ni chembe za maji zavigonga kila upande, kitu alichokieleza Robert Brown mwaka 1827, waweza kukiona hata kwa vumbi. Kinatetemeka lakini kipo palepale. Alafu kuna mkondo, feni ikipuliza ukingo wa slaidi ukakauka, maji yakimbilia kule na kila kitu chakimbia nayo, vyote upande mmoja kwa kasi moja. Kwa hivyo usimtizame mmoja peke yake, mtizame na jirani yake, kama wanakwenda pamoja huo ni mkondo, kama mmoja amekata njia yake mwenyewe huyo anaogelea. Mbegu za kiume nazo waweza kuzikuta, ila zile zasukumwa na mkia kutoka nyuma, Trikomonasi ajivuta kwa mijeledi ya mbele. Fangasi hawaendi popote, mijeledi hawana.

Na kuna bakteria wa kupinda, Mobilunkasi, hukutwa ukeni pale laktobasili zikipungua, hao wana mijeledi kweli na wanazunguka kama skurubu. Hapa lazima niseme, sababu vitabu vyetu vyatumia jina moja mtu akadhani ni kitu kimoja: mjeledi wa bakteria na wa Trikomonasi havina undugu. Wa bakteria ni uzi mgumu wa protini wenye unene wa nanomita kama 20 hivi, haupindi wenyewe, unazungushwa na mota iliyopandikizwa kwenye ngozi ya bakteria, na hiyo mota haili ATP, inaendeshwa na chaji za umeme zinazotiririka kuingia ndani. Watu waliamini nao unapepea hadi Howard Berg na Robert Anderson walipodai mwaka 1973 kwamba wazunguka, na mwaka uliofuata Silverman na Simon wakaugandisha ule uzi kwa kioo, na badala ya uzi kuzunguka akazunguka bakteria mzima! Mimi kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi kuwahi kufanywa, rahisi na halina ubishi. Wa kipindupindu naye, ambaye Pwani twamjua vizuri kuliko tungependa, ana uzi mmoja tu nyuma na akimbia kama amerushwa, na kuna njia ya zamani ya kumpima kwa kutizama choo cha mgonjwa kwa mwanga wa pembeni: ukiona vijiti vyachomoka mbio, unatia tone la kingamwili zinazomshika yeye, vikisimama ghafla umemjua. Tofauti yake na kisa chetu ni kwamba huko mpimaji ndo amemsimamisha kwa makusudi na kusimama ndo jibu, huku kwetu boksi limemsimamisha bila mtu kujua.

Baada ya hapo matibabu yalikuwa jambo fupi. Dawa za fangasi hazimgusi huyu, antibayotiki alizopewa hazimgusi, anayemmaliza ni metronidazoli na ndugu zake. Hiyo dawa haina habari na mijeledi kamwe, yaingia ndani, na huyu mdudu badala ya mitokondria ana vijumba vingine vinaitwa haidrojenosomu, kule ndani dawa yageuzwa kuwa sumu inayokatakata DNA yake. Yaani mtambo wake mwenyewe wa nguvu ndo unaomuua. Mama alimeza siku 7 na muwasho ukaisha kabla hata vidonge havijaisha, akaambiwa amalize vyote na arudi baada ya miezi 3 apimwe tena.

Kuhusu maabara, nilipendekeza mambo ambayo hayahitaji pesa nyingi. Swabu zisiingie boksi la barafu, joto la Mombasa lenyewe latosha kuziweka. Fomu iwe na saa ya kuchukua na saa ya kusoma, na kama zimepita zaidi ya dakika kumi na kitu basi jibu liandikwe "hakuna kilichoonekana kikitembea, sampuli imechelewa", si "vimelea hakuna", daktari akisoma hivo atajua hajafungiwa mlango. Wao wenyewe waliongeza la kwao ambalo ni bora kuliko yangu, maikroskopu ndogo ya zamani iliyokuwa imelala stoo ikapelekwa ng'ambo na dada wa kliniki akafunzwa kutizama kitu kimoja tu, kama kuna kinachotembea au hakuna. Hata hivyo nisiwadanganye, slaidi ya maji hata ikisomwa mbichi huwakosa wagonjwa wengi, vipimo vya jeni ni bora mbali sana sababu havijali mdudu yu hai au amekufa, anatembea au amelala, ila bei yake kwa mama wa Likoni bado ni hadithi nyingine. Na ugonjwa wenyewe si mdogo, Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya milioni 156 kwa mwaka 2020, na ukiwa nao hatari ya kupata virusi vya ukimwi yapanda.

Kilichobaki kikawa mzee. Wanaume wengi wanaye bila dalili yoyote, na kumwona kwa slaidi ya mkojo wa mwanamume ni kazi ngumu hata akiwa mzima anarukaruka, kwa hivo mume hatibiwi kwa kungoja ushahidi, anatibiwa sababu mkewe ameonekana naye. Mzee alikuja amekasirika, "Mimi niko sawa, siumwi popote, nipimeni muone." Kijana akamwambia, kwa adabu kabisa, "Baba, tukikupima tukamkosa hatutakuamini, na tukampata utameza dawa zilezile, sasa tupoteze wakati wa nini." Alibishana kidogo na mkewe kwa Kidigo ambacho sikukifuata chote, akachukua dawa, akauliza kama azimeze kabla au baada ya kula.